RAMADHANI SIKU YA 13: Abdulwahid Sykes, kijana wa Gerezani katika mji uliogawanywa kwa rangi



Ndugu zangu wa msikiti wetu hapa Kanazi, na nyote mnaotusoma mkiwa Kemondo, Bukoba mjini, Muleba na huko mlikohamia kutafuta riziki, poleni na swaumu. Allah atukubalie funga zetu, na aliyeshindwa kufunga kwa ugonjwa amjaalie shifaa.

Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja aliuliza swali barazani, nasi wazee tukatazamana. Aliuliza hivi: ukiona dhulma katika mji wako mwenyewe, watu wanabaguliwa, mji umechafuka, hasira zimepanda, Mwislamu afanye nini? Ukinyamaza, roho inakusuta. Ukiingia barabarani na mawe, unavunja duka la mtu ambaye hakukukosea kitu. Ukibaki kwenye simu, kazi yako ni kusambaza picha tu mpaka daku.

Hadithi ya kuondoa uovu kwa mkono, kwa ulimi na kwa moyo mnaijua. Maulamaa wameeleza kwa urefu nani anahusika na mkono, nani na ulimi. Leo sitafungua kitabu hicho. Nitakusimulia maisha ya mtu mmoja wa nchi yetu hii, Mwislamu, aliyezaliwa katika mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi, na uone yeye alifanya nini na hasira yake. Jina lake ni Abdulwahid Sykes. Wazee wa Dar es Salaam walimwita Abdul.

*Mji wenyewe ulivyokuwa*

Kwanza ujue mji. Ukienda Dar es Salaam leo unapita Mnazi Mmoja, unaona bustani na uwanja, watu wamekaa kivulini. Wakati wa Waingereza uwanja ule ulikuwa na maana nyingine. Mji ulikatwa kanda tatu. Pwani kwenye upepo mzuri palikuwa Uzunguni. Katikati kwenye maduka palikuwa Uhindini. Kariakoo na pande zile palikuwa Uswahilini. Mnazi Mmoja ni eneo lililoachwa wazi kati ya mji wa Waafrika na mji wa wenzao. Yaani ardhi nzima iliachwa tupu ili watu wasikaribiane.

Haikuwa nyumba tu. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa mali ya tajiri Mwislamu, Sewa Haji Paroo. Shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Mshahara nao ulikuwa na ngazi tatu. Vita vya pili vya dunia vilipoleta shida ya chakula na nguo, hata mgao uliangalia rangi.

Ndani ya mji huo, Gerezani, Abdulwahid alizaliwa Desemba 1924.

*Babu aliyekuja na Wajerumani*

Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka, nami nataka tulisimamie kidogo.

Babu yake, Sykes Mbuwane, hakuwa mtu wa Dar es Salaam. Alitoka Msumbiji, akaja mwaka 1889 na jeshi la Mjerumani Hermann von Wissmann. Jeshi hilo lilikuja kumpiga nani? Lilikuja kumpiga Abushiri bin Salim wa Pangani, aliyewainua watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Basi babu yake Abdul alikuwa upande wa waliomnyonga.

Miaka michache baadaye, mwaka 1894, Sykes Mbuwane alipata mtoto wa kiume palepale Pangani. Mtoto akaitwa Kleist. Baba akafariki mtoto akiwa bado mdogo, Kleist akalelewa yatima na askari mwenzake baba yake, Affande Plantan. Naye Kleist alipokua akawa askari wa Mjerumani katika vita vya kwanza vya dunia.

Hebu fikiri. Familia imeanza kwa kumtumikia mkoloni kwa bunduki. Sisi wa Kanazi tusiwacheke. Hapa kwetu tuna kumbukumbu ya Mukama Kahigi, aliyeelewana na Wajerumani akapata nguvu kwa ajili yao, na nyumba yake ya utawala ilikuwa hapahapa Kanazi. Historia ya watu wetu wengi imechanganyika hivyo.

Lakini Kleist hakubaki alipoachwa na baba yake. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mjini Dar es Salaam. Cecil Matola akawa rais, Kleist akawa katibu. Mwaka 1933 akawa miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama kilichojenga shule ili watoto wa Kiislamu wasome elimu ya dini na ya dunia. Akafanya biashara, akalea watoto watatu wa kiume: Abdulwahid, Ally na Abbas.

Mtu hafungwi na alichofanya babu yake. Lishike hilo, tutalirudia mwishoni.

*Burma*

Vita vya pili vikaja. Abdul akachukuliwa jeshini kwenye King's African Rifles akiwa kijana mdogo, na mdogo wake Ally vilevile. Wakapelekwa Burma, kule mashariki ya India, kupigana na Wajapani. Vijana wa Tanganyika wakala mvua ya msituni, malaria na risasi, kwa ajili ya mfalme wasiyemjua.

Kule waliona mambo mawili. Waliona kwamba Mzungu naye anaogopa, analia, anakufa kama mtu mwingine. Na walipopita India waliwaona Wahindi wakidai nchi yao, wakiwa karibu kuipata. Waliporudi Tanganyika vita vilipokwisha mwaka 1945, Abdul na wenzake hawakuwa tena vijana waleule.

Sasa mfikirie anashuka melini Dar es Salaam. Amepigana vita vya dunia. Anatembea kwenda kwao Gerezani, anavuka Mnazi Mmoja, na mstari uko palepale. Hospitali ileile, ngazi ileile ya mshahara. Wewe ungejisikiaje?

*Makuli wa bandarini*

Hasira ilikuwa mji mzima, na ililipukia bandarini. Ninyi mnaokaa jirani na bandari ya Kemondo mnajua kazi ya kubeba gunia la kahawa ni kazi gani. Mnawajua wazee ambao migongo yao imepinda kwa kazi hiyo. Makuli wa Dar es Salaam wengi walikuwa wa kutwa: meli ikiwepo unaitwa, isipokuwepo unarudi nyumbani mikono mitupu. Bei za vitu zilikuwa zimepanda wakati wa vita, ujira haukupanda nazo.

Septemba 1947 makuli wakagoma. Mgomo ukatoka bandarini ukaingia kwa watu wa reli, ukapanda na njia ya reli kwenda bara. Serikali iliona kwa macho kwamba watu inaowaita wajinga wamesimamisha bandari na treni. Ikabidi ikae mezani na kusikiliza shauri, na ujira wa makuli ukaongezwa.

Baada ya mgomo makuli wakawa na chama chao, na Abdulwahid, kijana wa miaka ishirini na kitu, akawa katibu mkuu. Zingatia kazi hiyo. Makuli wenyewe walikuwa na nguvu na ujasiri, hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kukasirika. Walichokosa ni mtu wa kukaa na daftari: nani amelipa ada, nani ameumia kazini, barua kwa tajiri imeandikwa lini na imejibiwa nini. Kazi ya kuchosha, haina picha nzuri. Kijana huyu aliyezoea bunduki Burma akakubali kukaa na kalamu.

Kisha ikaja Februari 1950. Ugomvi wa makuli na waajiri ukawa vurugu. Polisi na makuli wakapambana, damu ikamwagika, watu wakafungwa. Mwaka huohuo mahakama ikakifuta chama chao. Kilichojengwa kwa miaka, daftari kwa daftari, kikaondoka.

Ndugu yangu, sisemi kwamba makuli ndio waliokosa. Aliyewatia njaa na kuwabagua ndiye aliyepanda mbegu. Lakini tazama matokeo. Mgomo wa 1947, watu walipokaa pamoja na wakajua wanachotaka, uliongeza ujira. Vurugu za 1950 zilimpa mkoloni alichokuwa anakitafuta, sababu ya kukifunga chama. Mwenye dhulma mara nyingi anafurahi ukitupa jiwe, kwa sababu kesi ya jiwe anaijua na hukumu yake anayo tayari.

*Daktari wa kwetu Bukoba*

Sasa inakuja sehemu inayotuhusu watu wa mkoa huu.

Baba yake Abdul, mzee Kleist, alifariki mwaka 1949. African Association ilikuwa sasa inaitwa TAA, lakini ilikuwa imelala. Ofisi ipo pale New Street, mtaa unaoitwa Lumumba leo, ila kazi hakuna. Mwaka 1950 vijana wakaingia wakaichukua. Rais akawa Dr. Vedasto Kyaruzi, mtoto wa Bukoba, daktari, Mkristo. Katibu akawa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Gerezani, Mwislamu.

Wawili hao hawakuwa na sababu ya kuelewana. Dini mbalimbali, kabila mbalimbali, mmoja wa Makerere na mwingine wa vita vya Burma. Wakaelewana kwa sababu dhulma iliyokuwa mbele yao haikuuliza unasali wapi.

Wakaunda kamati ya siasa ndani ya TAA. Humo alikuwemo Sheikh Hassan bin Amir, mwanachuoni mkubwa, na Hamza Mwapachu, na John Rupia, na Stephen Mhando, na Said Chaurembo. Sheikh mwenye kilemba na daktari mwenye koti kwenye meza moja. Wakati huo Gavana Twining alikuwa anatafuta maoni juu ya katiba ya nchi. Kumbuka Waafrika wa Tanganyika walikuwa zaidi ya milioni 7, na Wazungu hawakufika elfu 20. Lakini Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria aliingia mwaka 1945 tu, kwa kuteuliwa. Kamati hiyo ikakaa, ikaandika, ikapeleka madai ya Waafrika kwa maandishi.

Serikali haikupendezwa. Hawakumpiga Dr. Kyaruzi wala hawakumfunga. Walimhamisha kikazi. Akapelekwa Kingolwira, Morogoro, kwenye hospitali ya gereza, kisha Nzega. Ukiwa mtumishi unajua uhamisho wa namna hiyo una maana gani. Mzigo wa TAA ukabaki kwa Abdulwahid, akawa kaimu rais.

Na huku kwetu wimbi hilohilo lilikuwa linapita. Kamachumu, hapo Muleba, alikuwepo mzee Ali Migeyo, Mwislamu mwenzetu, mtu wa TAA, aliyekusanya watu kupinga amri za mkoloni na akaonja jela yake. Ukipita Kamachumu waulize wazee, wafungulie mlango wasimulie. Tusiwaache wafe na habari zao.

*Ardhi ya Wameru*

Mwaka 1951 serikali iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikafukuzwa. Hiyo ni mbali na Dar es Salaam. Mtu wa Gerezani angeweza kusema, mimi ya Wameru yananihusu nini?

TAA haikusema hivyo. Madai ya Wameru yakawa madai ya nchi nzima. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka New York, akasimama Umoja wa Mataifa kueleza yaliyowapata watu wake. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, hilo tuseme kweli. Lakini watu wa pwani, wa ziwa na wa milimani wakajifunza kwamba akionewa mmoja pale, kesho ni wewe hapa.

*Kiti*

Tumefika mahali ambapo ndipo hasa nilitaka ufike.

Mwaka 1952 alirudi kutoka masomoni Edinburgh mwalimu mmoja, Julius Nyerere, akafundisha shule ya Pugu, nje kidogo ya mji. Alikuwa Mkatoliki, mgeni Dar es Salaam, hana ukoo mjini, hana mtaa. Wakakutanishwa na Abdulwahid.

Pima hali ilivyokuwa. Abdul ni mtoto wa mjini. Baba yake alikuwa katibu wa kwanza wa chama. Ofisi ile ya New Street wazee wake waliijenga. Wazee wa Kariakoo na Gerezani wanamjua tangu anatambaa. Sheikh Hassan bin Amir anamjua. Kama kuna mtu angesema kiti hiki ni cha kwetu, ni yeye.

Aprili 1953, kwenye ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, wanachama wakapiga kura. Julius Nyerere akawa rais wa TAA. Abdulwahid Sykes akawa makamu wake.

Mimi na wewe tunajua mtu akikosa cheo hufanya nini. Ananuna. Anaacha kuja kwenye vikao. Anaanzisha msikiti wake, au anaanzisha chama chake. Tumeyaona mpaka kwenye kamati za misikiti, tusidanganyane katika mwezi huu. Abdul hakuondoka. Nyumba yake ikawa moja ya nyumba zilizompokea mgeni yule. Akamtambulisha kwa wazee wa mji. Alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo, kwa hiyo watu walipita ofisini kwake kutwa, na habari za chama zikapita naye.

Mwaka huohuo serikali ikatoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiingiza kwenye siasa. Abdul akafanya kazi yake bila kelele. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU. Kadi ya kwanza ya TANU ikawa ya Nyerere, ya pili ya Ally Sykes, ya tatu ya Abdulwahid.

TANU ikaenda nchi nzima. Watu wakachanga senti zao, akina mama wa mjini wakauza vitumbua wakachangia. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, bila vita. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi ili watu wasikaribiane, ulikuwa umeshageuka uwanja wa mikutano ambako watu wa kila namna walijaa bega kwa bega.

Abdulwahid aliuona uhuru. Hakuwa waziri. Hakujengewa sanamu. Alifariki Dar es Salaam tarehe 12 Oktoba 1968, hajafika hata miaka 44. Allah amrehemu, amsamehe, na amfanyie wepesi kaburi lake.

*Tunapata nini sisi*

Narudi kwa kijana wetu na swali lake. Naona mambo manne.

*La kwanza,* hasira juu ya dhulma siyo dhambi. Moyo usiokasirika mtu akibaguliwa una ugonjwa. Ila funga hii tunayofunga inatufundisha nini? Njaa ipo, chakula kipo mezani, mkono wako unausimamisha mpaka saa yake. Chakula ni halali yako na bado unasubiri. Basi na hasira ni hivyohivyo. Unayo, ni haki yako, lakini unaiongoza ifike pale itakapofaa.

*La pili,* kaa na daftari. Nawaambia hasa ninyi vijana wa bodaboda, wabeba mizigo na wauza ndizi barabarani. Mkionewa, andikeni. Tarehe, mahali, nani alikuwepo. Mkae kwenye kikundi chenye katibu na mweka hazina mwaminifu. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na maandishi, mkikataliwa nendeni kata, mkikataliwa nendeni wilayani. Inachosha kuliko kupiga kelele, najua. Lakini katika maisha haya tuliyosimulia, njia hiyo ndiyo iliyofika.

*La tatu,* usimamie haki na mtu asiye wa dini yako. Abdul na Dr. Kyaruzi hawakubadilishana dini. Kila mmoja alibaki na ibada yake. Mtume wetu (S.A.W.) kabla ya utume alishiriki Hilful Fudhul, mapatano ya watu wa Makka ya kumtetea mwenye kudhulumiwa, na baada ya utume aliendelea kuyasifu. Kwa hiyo hatujaleta kitu kipya.

Najua wapo wanaosimulia habari za Abdulwahid kwa uchungu, kwamba Waislamu walitoa jasho na majina yao yakasahauliwa vitabuni. Kuwakumbuka ni haki, na mimi ndiyo maana nimeandika leo. Lakini tukimkumbuka kwa ajili ya kumchukia jirani, tutakuwa tumeibomoa kazi yake wenyewe. Yeye alimpa mkono Mkristo kutoka Bukoba na Mkristo kutoka Butiama, na hatujui kwamba alijuta.

*La nne, na ndilo gumu kwetu.* Nilisema tutarudi kwa babu. Sykes Mbuwane alitoka Msumbiji. Ukimtafuta mjukuu wake kwa asili, atakuwa mtu wa kuja. Mwaka 1950 angetokea mtu Gerezani akamwambia Abdul rudi kwenu, chama kisingekuwa na katibu wake.

Sasa sisi wa Kagera tunaishi mpakani. Uganda hapo, Rwanda hapo, Burundi hapo. Mwaka 2013 mkoa wetu ulipitia Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Serikali ina haki ya kujua nani anaingia na nani anatoka, hilo sibishani nalo. Ninachouliza ni mimi na wewe tulifanya nini siku zile na tunafanya nini leo. Wangapi wetu tulimnyooshea kidole jirani tuliyekula naye futari, kwa sababu pua yake au lafudhi yake ilitutia mashaka, au kwa sababu shamba lake la migomba lilikuwa zuri? Wangapi mpaka leo tukigombana na mtu kwenye mpaka wa kihamba, neno la kwanza mdomoni ni kumuuliza asili yake?

Mkoloni alichora mstari Mnazi Mmoja, tukamwita dhalimu, na kweli alikuwa dhalimu. Mstari tunaouchora wenyewe kwenye migomba yetu tunauitaje? Suratul Hujurat tunaisoma, inatufundisha kwamba makabila ni ya kujuana na ubora uko kwenye uchamungu. Tukiisoma kwa sauti nzuri msikitini kisha tukatoka nje tukamtukana mtu kwa asili yake, tumefunga nini?

*Kazi ya leo*

Kabla ya futari ya leo nakuomba ufanye jambo moja. Mtafute mtu mmoja unayemjua, ambaye hapa kijijini watu wanamuita mtu wa kuja. Kama ulimsema vibaya, muombe radhi, usisubiri Idi. Kama hukumsema, mpelekee chochote: mkungu wa ndizi, uji, hata tende tatu. Akiwa siyo Mwislamu, mpelekee vilevile. Wenye watoto, watume watoto, ili wajifunze njia ya kwenda nyumba ile.

Na ukisikia mji wowote umechafuka, iwe kwetu au mbali, kabla hujasambaza picha, jiulize unaongeza kuni au unazima moto.

Ee Allah, tupe macho ya kuiona dhulma hata tunapoifanya sisi wenyewe. Tupe subira yenye kazi, siyo subira ya woga. Wape haki wanaoonewa katika miji yetu. Warehemu waliotutangulia katika njia hii, wanaokumbukwa na waliosahauliwa. Tuishi kwa amani na majirani zetu, na utufikishe salama mwisho wa mwezi huu. Amin.

Darsa la kesho inshallah ni baada ya alasiri kama kawaida. Mwenye mzee anayeikumbuka enzi ya TAA na TANU huku kwetu, amlete msikitini Ijumaa, tumkalishe tumsikilize.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.